Punje Nne za Njahi

Nilimwonea dada yangu wivu tangu siku aliyozaliwa, na sioni haya kusema. Nilikuwa na miaka minne. Kwa desturi yetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na wa pili jina la mama ya mama. Kwa hivyo mimi nilizaliwa mama mkwe wa mama yangu, naye mdogo wangu akazaliwa mama yake mzazi. Mama alimwita Maitu tangu akiwa mchanga, yaani mama yangu, kwa Kikuyu. Mimi nilitajwa kwa heshima. Na mkwe, wewe unajua, huheshimiwa tu, hapakatwi. Hunyooshi miguu mbele yake, hulii mbele yake, hata kikohozi unakimeza. Sikatai, mama alinilea vizuri na sikulala njaa hata siku moja. Lakini Maitu ndiye aliyebebwa mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuta chini.

Halafu Maitu akaugua moyo. Alikuwa anamaliza sekondari, baba akiwa amekufa mwaka mmoja tu. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kupiga taipu Ruiru na nilikuwa nakuja nyumbani Ngoingwa wikendi. Wikendi moja nikaambiwa, shh, usipige kelele, Maitu moyo wake unaenda mbio. Hospitali walimpima, wakasema moyo mzima. Wakampima tena, mzima. Mimi nikasema ai, kama ni mzima si arudi kuteka maji? Mama akaniangalia kama mtu aliyetukana kanisani.

Basi tangu hapo nyumba yote ikawa inazunguka huo moyo. Mama aliacha kuuza nyanya soko la Thika kwa sababu Maitu hawezi kuachwa peke yake. Matanga hawaendi, Maitu atashtuka. Kanisani wanakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, Maitu atataka hewa. Chuo cha ualimu alikoitwa hakwenda, kilikuwa mbali. Akabaki akifundisha watoto wa nasari hapo karibu, hatua mia mbili kutoka kwa geti. Mimi nilikuwa nafunga mkanda, napanga nyumba, nanunua jiko, na hakuna aliyeniuliza kama moyo wangu unaendaje. Mtu mwenye nguvu haulizwi.

Na harusi yangu? Hapo ndipo nilipovunjika. Tulikuwa tumefika kwenye keki, mama wa bibi harusi ameitwa mbele alishwe kipande, nikageuka na kipande mkononi. Kiti chake kilikuwa kitupu. Niliwaona wakitoka kwa mlango wa kando, yeye na Maitu, wameshikana. "Moyo wa Maitu," shangazi akaninong'oneza. Nilitabasamu kwa picha, na keki ya mama yangu nikamlisha mpambe. Ile picha ninayo mpaka leo. Nimetoa meno yote, lakini ukiangalia macho utaona mtu anayetaka kupiga mtu.

Miaka miwili baadaye nikashika mimba. Mama ya mume wangu alikuwa mbali, Nyahururu, na miguu yake ilikuwa mibaya. Kwa hivyo nilimwomba mama yangu aje Ruiru anikalie mwezi mmoja nikijifungua, anipikie njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ambayo kwetu mwanamke aliyezaa lazima apikiwe ili maziwa yashuke na mgongo ukaze. Tulikuwa na chumba kimoja tu. Mume wangu, Mungu ambariki, alikubali kwenda kulala kwa kaka yake mwezi mzima ili asilale chumba kimoja na mama mkwe wake. Kila kitu kilikuwa tayari. Mama akasema, "Tutaona. Ikiwa Maitu ataamka vizuri."

Tutaona! Mtoto wa kwanza, na mimi naambiwa tutaona.

Kazi ya kutaipu ilikuwa imeisha, na nilipofika miezi sita nikaona tangazo kwenye ubao wa kanisa. Kuna mwalimu wa chuo, mama mmoja wa saikolojia aliyekaa Juja, alikuwa anatafuta mtu wa kumsomea watu maswali kwa Kiswahili na Kikuyu. Tulimwita Daktari. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza aliniweka chini akanieleza.

"Hii fomu haipimi kama mtu ana hofu," alisema. "Hofu kila mtu anayo. Kuna yule inamshika, inapita, anaendelea kupepeta mchele wake. Na kuna yule anayeiogopa hofu yenyewe. Moyo ukidunda kidogo anasema hiki ni kifo. Akili ikizubaa kidogo anasema huu ni wazimu. Mkono ukitetemeka anasema watu wameniona, nimeaibika. Huyo ndiye ninamtafuta. Anaogopa dalili, na kwa kuziogopa anaziongeza."

Fomu ilikuwa na sentensi kumi na sita. Nyingine za mwili, nyingine za akili, nyingine za watu watasema nini. Kila moja unajibu kwa namba, kutoka sifuri mpaka nne. Sifuri ni hata kidogo, nne ni sana sana. Daktari alikuwa na sheria tatu na akazirudia kama mtu anayejua nitazivunja. Usiandike jina. Usimpime mtu wa kwenu. Na usimpime mtu mbele ya mtu.

Sokoni Thika siku ya kwanza tulichekwa. "Nne ya nini?" wamama waliuliza. "Nne ya shilingi ama ya kilo?" Nikaenda kwa muuza nafaka nikaomba njahi kidogo, na kesho yake nikaja na kikombe cha bati. Unampa mtu punje nne mkononi. Unamsomea sentensi. Kama haimhusu, kikombe kinabaki kitupu, kama inamhusu sana anatumbukiza zote. Wee! Kazi ikaanza kwenda. Daktari aliposikia punje zikigonga bati alicheka mpaka akavua miwani.

Kulikuwa na mama mmoja wa kubeba magunia ya viazi. Nikamsomea: nikisikia moyo unaenda mbio naogopa. Akasema, "Moyo wangu unaenda mbio kila siku. Si napanda na gunia?" Nikamuuliza, sasa unauogopa? "Niuogope na ndio unanibeba?" Kikombe kitupu. Halafu akaja fundi wa cherehani, mnene, mcheshi, mtu wa kuimba kwaya. Hofu ilikuwa imemshika mara moja tu maishani, stendi ya basi, na hata hakuanguka. Lakini punje zake ziliingia zote, sentensi baada ya sentensi. Aliacha kupanda ngazi. Aliacha chai ya rangi. "Nikisikia moyo umeanza tu, najua ni leo," aliniambia, na ucheshi ukamtoka usoni.

Jioni Daktari akasema, "Umeona? Moyo wa yule wa kwanza unadunda zaidi. Wa pili ndiye mgonjwa."

Ningeelewa hapo, ningejiokoa mengi. Lakini mtu mwenye wivu husikia nusu ile anayoitaka. Mimi nilichosikia ni kwamba kumbe kuna kikombe kinachoweza kumshika mwongo. Nikamfikiria Maitu na moyo wake wa miaka sita. Nikasema moyoni, dada, ngoja nije.

Nilikuwa miezi minane nilipokwenda Ngoingwa na fomu ndani ya kiondo. Jumamosi, saa nne asubuhi. Mama alikuwa amekaa kwa kigoda mlangoni na ungo mapajani, akichagua njahi. Nilipomuuliza za nani akasema, "Zako. Utaenda nazo." Nikaelewa. Njahi zinakuja Ruiru bila mpishi. Badala ya kulia, kwa sababu mbele ya mama sikuwa nalia, nikakasirika.

"Maitu," nikasema, "njoo tucheze mchezo wa kazini kwangu."

Alikuja akipangusa mikono, akakaa kwa kochi akitabasamu. Hilo tabasamu nilitaka kulikwangua. Nilichota punje nne kwenye ungo wa mama, nikampa, nikaweka kikombe katikati, nikaanza kusoma kwa sauti. Sheria ya mtu wa kwenu nilikuwa nimeikanyaga. Ya mtu mbele ya mtu hata sikuikumbuka. Mama nilimhesabu kama fanicha.

Nikisikia moyo unaenda mbio, naogopa. Maitu hakutia kitu. Kifua kikibana, naogopa hewa itaisha. Hakutia kitu. Nikishindwa kuweka mawazo mahali pamoja, naogopa ninaingia wazimu. Hakutia kitu, akapiga mwayo. Ni jambo kubwa kwangu watu wasinione nikitetemeka. Hapo alifikiri kidogo akaangusha punje moja, akaniambia, "Hiyo ni ya siku ya inspekta wa shule." Nilisoma zote kumi na sita, polepole, kama mwendesha mashtaka. Jumla yake ilikuwa mbili.

"Mbili!" Nilisimama na tumbo langu. "Mama, unaona? Mbili kwa kumi na sita! Yule mbeba magunia anamshinda! Huyu haogopi kitu, hana kitu, hajawahi kuwa na kitu! Miaka sita tunatembea kwa vidole vya miguu! Harusi yangu uliiacha kwa sababu ya hii? Na sasa nizae peke yangu kama paka?"

Tabasamu la Maitu lilikuwa limekwisha, akawa anamwangalia mama, si mimi.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Nimemaliza."

Aliweka ungo chini, taratibu, akaenda nje kumwangalia ng'ombe.

Nilibaki nikihema. Ili mikono ipate kazi nikauinua ule ungo nimalizie kuchagua. Katikati kulikuwa na njahi zilizochanganyika na mawe, hazijaguswa. Pembeni, kuzunguka ukingo wote, kulikuwa na vifungu vidogo vilivyopangwa kwa kidole. Punje nne. Punje nne. Punje nne. Tatu. Punje nne. Niliona haya kuhesabu lakini nikahesabu. Vifungu kumi na sita.

Mama yangu hajui kusoma. Lakini alikuwa amesikia kila sentensi niliyomsomea Maitu, na ameijibu, kimya, mgongo wangu ukiwa umemgeukia.

Maitu alipitisha kiganja akavuruga vifungu vyote. Akanishika mkono, akanivuta mpaka nyuma ya jikoni ambako mama hangetusikia.

"Sasa umejua," akasema. "Ulikuwa umefanya makelele, sasa nyamaza."

Akaniambia. Mwaka mmoja baada ya baba kufa, mama akiwa sokoni na nyanya zake, moyo ulianza kumwenda mbio bila sababu. Alidhani anakufa. Alikaa chini katikati ya njia, akatetemeka, watu wakajaa. Mwanamke mmoja wa meza ya pili akasema kwa sauti, ni wazimu wa mjane huo. Ulipita, kama dakika kumi. Lakini mama hakurudi sokoni tena. Hakuwa anaogopa soko. Alikuwa anaogopa moyo wake, usije ukaanza tena penye watu. Akamwambia Maitu, na Maitu, msichana wa shule, ndiye aliyesema: tuseme ni mimi. Mjane akitetemeka ataitwa mwendawazimu, msichana akitetemeka ataitwa mgonjwa tu. Yeye ndiye aliyejilaza hospitali wakampima wakakuta moyo mzima. Chuo aliacha kwa sababu mama hangeweza kulala peke yake. Kuna kijana wa Gatundu alikuwa amemposa, wazazi wake waliposikia habari ya moyo wakarudi nyuma.

"Na harusi yangu?" nikauliza.

"Aliitwa mbele za watu mia tatu," Maitu akasema. "Mimi nilimshika ndio asianguke."

Ngai! Ningepaswa kulia kwa huruma. Sikulia. Unajua nilisikia nini? Wivu, mbichi, mkali kuliko ule wa kwanza. Miaka sita nilikuwa namwonea wivu kwa kupewa mchuzi wa mgonjwa na kiti cha karibu na mlango. Kumbe alikuwa amepewa kitu kikubwa zaidi. Hata ugonjwa wake, mama alimpa yeye.

"Kwa nini hakuniambia mimi? Mimi ndiye mkubwa!"

Maitu akaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma. "Wewe ni mkwe wake," alisema. "Nani hutetemeka mbele ya mkwe?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisahau kusema aumbuliwe mbele ya nani.

Nilimfuata mama kwa zizi la ng'ombe. Nilikuwa na maneno mengi nikapata machache. Nikamwambia asijali habari ya Ruiru, dada ya mume wangu atakuja. Ilikuwa uongo, huyo dada alikuwa na kazi yake na hata hatukuwa tunaongea. Mama alisema, "Haya," bila kugeuka, na mkono wake juu ya mgongo wa ng'ombe ulikuwa umetulia kabisa.

Daktari nilimwambia kila kitu bila kutaja ni nani. Alijua. Alinigombeza kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu. Kisha akaniambia kwamba anayeogopa moyo wake haponi kwa kuukimbia. Aukaribishe kidogo kidogo. Atembee mpaka udunde, akae nao, aone kwamba umedunda na yeye hajafa. Leo mpaka kwa geti, kesho mpaka dukani. Nilimwandikia Maitu hayo yote kwa barua ya kurasa mbili, nikampa mtu wa kwetu aliyekuwa anapanda Ngoingwa. Mwisho wa barua nikaongeza kwa kalamu nyekundu: usimwambie imetoka kwangu. Wivu pia una adabu yake.

Nilijifungua wiki tatu baadaye. Msichana. Kwa desturi akachukua jina la mama ya mume wangu, na mimi nikawa nimempakata mkwe wangu, ana uso mwekundu na ngumi mbili. Nilimwangalia nikasema, wewe utanisikia nikilia, upende usipende.

Siku ya nne, kama saa tano, nilikuwa peke yangu. Nilikuwa nimezichemsha zile njahi mwenyewe, mgongo ukiniuma, nikijiambia kwamba sihitaji mtu. Mlango ukagongwa mara moja. Nikafungua nikamkuta mama. Peke yake. Nyuma yake hapakuwa na Maitu, hapakuwa na mtu. Leso ya kichwa ilikuwa imelowa jasho na mdomo ulikuwa umekauka mpaka ukawa mweupe. Hakunisalimu. Hakuuliza mtoto yuko wapi. Alikaa kwenye kitanda changu, akanyoosha miguu yote miwili mbele, mbele yangu mimi, akachukua mkono wangu akaubandika kifuani pake.

Moyo ulikuwa unagonga kama mtu anayetaka kufunguliwa.

"Ngapi, mama?" nikauliza.

"Nne," alisema. Akavuta hewa. "Stendi ilikuwa nne, njiani nne. Na hapa kwa mlango wako nne." Kisha akasema, "Usimwambie Maitu. Nilimwambia nitangoja Jumapili anilete. Akijua nilitetemeka hivi hataniacha nitoke tena."

Nikamwambia sitasema. Tulikaa hivyo, mkono wangu pale pale, mpaka ukapungua. Ulipungua kweli. Niliuhisi ukipungua chini ya vidole vyangu, na ninaapa hata mtoto hakulia. Nilimpakulia njahi akala sahani mbili, na mimi niliyezaa ndiye niliyekuwa nimepika. Kisha akaosha mikono, akasema, "Haya, nipe huyo mkwe wako nimwone."

Jumapili Maitu akaja mbio, leso mkononi, machozi karibu. Alikuwa amerudi kutoka nasari Alhamisi akakuta nyumba tupu, na kijibarua kilichoandikwa na mtoto wa jirani: niko Ruiru, wewe njoo Jumapili. Mama alikuwa nje akianika nepi, akiongea na majirani kwa sauti kama mtu aliyezaliwa Ruiru. Maitu alisimama mlangoni akamwangalia muda mrefu. Kisha akainama sikioni kwangu.

"Alikuja peke yake," akasema. "Niambie ukweli. Ilikuwa ngapi?"

Nilimwangalia dada yangu, mama ya mama yangu, aliyekuwa na kila kitu. Hiki hakuwa nacho.

"Sifuri," nikasema, na nikamtolea kiti.